Ruta iko sebuleni kwangu, bili nalipa mimi, halafu kuzima DHCP nakatazwa!

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira.

Nilipata kompyuta tano za mtumba kwa bei ya kutupa, ofisi iliyokuwa inaziuza ilishachomoa diski zote. Jioni nawafundisha watoto wa mtaani hapa sebuleni kwangu. Hela ya diski tano sina, na wala sizihitaji: unaweka Linux na LTSP (programu ya kuendesha kompyuta zisizo na diski) kwenye mashine moja yenye nguvu, hizo tano zinawaka kupitia waya wa mtandao. Si uchawi huu. PXE, utaratibu wenyewe wa kuwasha kompyuta kupitia mtandao, toleo la 2.1 Intel waliitoa mwaka 1999, na TFTP inayobeba mafaili ni ya kale zaidi ya hapo.

Mashine isiyo na diski ukiiwasha inapiga kelele mtandaoni: nani atanipa anwani, na faili la kuanzia nilichukue wapi? Anayeitikia ni DHCP, huduma ya kugawa anwani za mtandao. Kwangu anayeitikia ni ruta ya kampuni ya intaneti. Anwani anatoa, habari ya faili hana. Basi naletewa skrini nyeusi na PXE-E53, yaani anwani nimepewa, jina la faili sijapewa.

Nikasema niingie kwenye ruta nizime DHCP yake, kazi hiyo aifanye seva yangu. Menyu yenyewe haipo! Paswedi waliyobandika chini ya ruta inakuruhusu kubadili jina la Wi-Fi, basi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki dakika 40. "Kaka, umejaribu kuzima na kuwasha?" Dada yangu, nataka kuzima DHCP. "Kifurushi chako hapa kinasoma vizuri kaka." Siku ya nne akaja fundi, kijana mpole tu, akasema paswedi ya juu anayo ila akinipa kibarua kinaota nyasi. Yeye simlaumu. Nawalaumu waliomtuma.

Kwa kiherehere changu nikawasha DHCP ya pili. Mafahali wawili zizi moja: anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Simu ya mama watoto ikachukua anwani kwangu, na mimi njia ya kutokea nje sikuiweka. WhatsApp ikafa. Akadhani sijalipia mwezi huu, na usiku huo nilijieleza mpaka nikachoka.

Kabla hajatokea mjuaji wa kuniambia "tumia proksi", nimeshatumia. Kwenye dnsmasq, programu ya DHCP iliyo kwenye seva yangu, nimeweka:

dhcp-range=192.168.1.0,proxy

Ruta inagawa anwani, dnsmasq inachomekea jina la faili tu. Tatu zenye BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoamsha kompyuta) ziliwaka palepale, watoto wakapiga makofi. Mbili za UEFI, mrithi wa BIOS, zikanuna, kwa sababu hazili pxelinux.0, faili la kuanzia la BIOS, zinataka faili lao la .efi. Nikaongeza mstari wa kutenganisha aina ya mashine (chaguo namba 93: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64), nikazima Secure Boot (kinga inayokataa faili la kuanzia lisilo na saini inayoaminika), moja ikakubali. Ya pili leo inawaka, kesho inagoma, faili lilelile, waya uleule.

Wiki tatu za kukesha, kwa sababu ya kiboksi kimoja cha kuweka tiki ambacho kampuni imekificha kwenye kifaa kilichopo nyumbani kwangu, kinachokula umeme wa LUKU yangu!

Na msiniambie ninunue ruta nyingine niiunge nyuma ya hii. Hiyo hela si ndiyo ningenunulia diski?

Ninachouliza: kuna aliyewahi kuwabana hawa watu wakamwekea ruta kwenye hali ya daraja, ipitishe intaneti tu, mambo mengine ayaendeshe mwenyewe? Ulimpata nani, ukamwambia nini? Jumamosi watoto wanakuja watano na zinazowaka kwa uhakika ni nne.