Pupileji: ofisi kubwa ya Westlands au mawakili watatu mjini? Nina hadi Ijumaa

Nyaboke_R
Hamjambo mawakili, na nyinyi mnaoelekea huko. Nina nafasi mbili za pupileji, yaani miezi 6 ya mafunzo ya kazi chini ya wakili kabla ya kuapishwa, na natakiwa kujibu kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni. Moja ni ofisi kubwa iliyoko Westlands, hapa Nairobi, kazi zake ni za kampuni na mabenki. Nyingine iko katikati ya mji, ghorofa ya nne, mawakili watatu, wanafanya kesi na hati za ardhi. Ninachotaka mwishowe ni sheria ya biashara. Mngekuwa mimi mngeenda wapi? Mama anasema niende kwenye jina kubwa.

Karani_Mstaafu
Dada, umetupa swali nusu. Nani atakuwa wakili wako mlezi, na ametimiza miaka 5 ya uwakili? Posho ni ngapi? Mitihani ya chuo cha mawakili kule Karen umemaliza au bado? Unaishi wapi? Na hiyo ya Westlands umepewa barua, au umepigiwa simu tu? Bila hayo kila mtu hapa atakuelezea maisha yake, si yako.

Bi_Mikataba
Hata bila hayo, mimi nasema Westlands. Ukitaka sheria ya biashara, nenda inakofanyika. Wiki yangu ya pili nilikabidhiwa mikataba ya kupanga ya kampuni iliyokuwa inauzwa, yote 60, nisome kifungu kwa kifungu nitafute ni wapi mwenye jengo lazima akubali kabla kampuni haijabadilisha wenye hisa. Mkataba wa 41 ulikuwa nacho, kimejificha kwenye nyongeza ya mwisho baada ya orodha ya taa na mapazia. Wakili mwandamizi alikuja mpaka mezani kwangu, akakisoma, akapiga simu papo hapo. Siku hiyo ndiyo nilielewa kazi hii ni nini. Baadaye nikaandaa maombi ya idhini kwa Mamlaka ya Ushindani. Mambo hayo ofisi ya watu watatu haiyaoni hata mara moja kwa mwaka.

Milimani_Asubuhi
Na wewe katika miezi 6 uliingia mahakamani mara ngapi? Mimi nilikaa ofisi ndogo. Mwezi wa kwanza nilishajua kuwasilisha hati kwa mtandao, kukimbizana na faili masjala, kuzungumza na mteja anayelia. Nilijua kufuatilia uhamisho wa ardhi kwenye Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa ardhi, na kumweleza mteja kwa nini anadaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa kiwanja kilicho mjini. Hiyo nayo ni biashara. Mwenye duka la vipuri kule Kirinyaga Road anahitaji mkataba sawa na benki.

Sauti_ya_Kasarani
Naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu hili lilinigharimu.

Nilichukuliwa na ofisi yenye jina. Siitaji. Nyumbani walichinja kuku. Wakili mlezi niliyepangiwa nilimwona siku ya kwanza, akanisalimia vizuri, akasafiri. Nikapelekwa chumba cha mafaili. Kazi yangu ilikuwa kupiga nambari za kurasa kwa ile mashine ya mkono, tak, tak, tak, majalada ya kesi moja ya ujenzi, maboksi 11. Kidole gumba kilikuwa cheusi mpaka Jumapili kanisani. Mwezi wa tatu niliomba nipewe hata barua ya kudai deni niiandike. Nikaambiwa nisubiri.

Mwezi wa sita nikapeleka karatasi za kuthibitisha kwamba nimemaliza. Ndipo msimamizi wa wafanyakazi akaniambia yule wakili aliondoka tangu mwezi wa nne. Hakuna aliyekuwa ameniambia, wala aliyepewa jukumu langu. Nilimfuata ofisi yake mpya, nikakaa mapokezi siku mbili. Alikuwa muungwana, lakini alisema hawezi kutia sahihi kwa miezi ambayo hakuwepo, na alikuwa na haki. Nikatafuta ofisi nyingine ya kumalizia miezi miwili. Wenzangu waliapishwa na mimi nikiziona picha tu kwenye simu, ndani ya matatu, pale Roysambu.

Kwa hiyo, Nyaboke, usiulize ofisi ni kubwa au ndogo. Uliza jina la wakili mlezi, lijulikane kwa maandishi, na uliza akiondoka au akiugua nani anakuchukua.

Bi_Mikataba
Pole sana. Lakini hilo ni kosa la ofisi moja. Si kila ofisi kubwa iko hivyo.

Sauti_ya_Kasarani
Sikusema zote. Nimesema aulize.

Pwani_Moja
Na posho je? Kuna ofisi hazitoi hata nauli, zikidai mwanagenzi ndiye anayefaidika. Mtu amesoma miaka minne ya digrii, amelipa karo ya Karen, deni la HELB, mkopo wa masomo wa serikali, linamngoja, halafu afanye kazi miezi 6 kwa chai. Chama cha Mawakili kiweke kiwango na kikisimamie.

Milimani_Asubuhi
Ukiweka kiwango, ofisi ndogo zitaacha kuchukua wanagenzi kabisa. Wakili wangu alikuwa akinipa alichokuwa nacho, na mwezi kesi zikikauka alikuwa ananieleza wazi.

Pwani_Moja
Basi asichukue mtu. Wakili asiyeweza kumlipa mwanagenzi nauli anataka mjumbe wa bure.

Karani_Mstaafu
Mada hiyo ifungulieni uzi wake. Nyaboke yuko wapi?

Nyaboke_R
Samahani, nilikuwa safarini. Naishi Rongai. Mitihani yote 9 nimefanya, nasubiri matokeo. Ofisi ya mjini wanatoa 10,000 kwa mwezi, na wakili mlezi ni mwenye ofisi mwenyewe, ana miaka 17 kazini. Ya Westlands sijapewa barua bado. Wameniita usaili wa pili, Jumatano ijayo.

Karani_Mstaafu
Kumbe! Basi huna nafasi mbili. Una nafasi moja na usaili mmoja, na usaili wenyewe uko baada ya Ijumaa. Ndiyo maana niliuliza.

Bi_Mikataba
Kubali ya mjini, nenda Westlands Jumatano, wakikuchukua uandike barua ya kujiuzulu kwa heshima. Kila mtu hufanya hivyo.

Milimani_Asubuhi
Tafadhali usifanye hivyo. Yule mzee mwenye ofisi ya mjini atakataa wengine kwa ajili yako. Mawakili wa Nairobi ni wengi, lakini korido za mahakama ya Milimani ni zile zile. Utakutana naye miaka 30. Mpigie simu kesho asubuhi, si ujumbe, mwambie ukweli, umwombe mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Akikataa, utajua la kuamua.

Bi_Mikataba
Na akikasirika akafuta nafasi? Utamlisha wewe?

Mgeni_London
Hapa Uingereza, tangu mfumo wa SQE, mitihani mipya ya mawakili, uanze 2021, miaka miwili ya mafunzo unaweza kuigawa hadi sehemu nne. Mtu anafanya kituo cha msaada wa kisheria, kisha ofisi kubwa. Huko miezi 6 ni michache, hakuna muda wa kuonja kila kitu.

Njoroge_34
Nyinyi mnachagua. Mimi nimetuma barua 34 na nimejibiwa mbili, zote za kukataa. Wasifu wangu ni mzuri, daraja la pili la juu. Nakosea wapi?

Bi_Mikataba
Barua ni ile ile kwa wote 34?

Njoroge_34
Nabadilisha jina la ofisi.

Bi_Mikataba
Hapo ndipo. Mimi husaidia kuchuja maombi. Barua inayoanza “naomba nafasi katika ofisi yenu yenye sifa kubwa” naijua kabla sijaifungua. Mwaka jana mmoja aliacha jina la ofisi ya washindani wetu kwenye aya ya pili. Andika ukurasa mmoja. Taja kitengo unachotaka na kazi moja waliyoifanya ambayo imetangazwa hadharani, kisha useme umefanya nini kinachokaribia hiyo. Mama yako ana kibanda na wewe ndiye uliyemshughulikia leseni ya kaunti na kodi ya KRA? Iandike. Inaonyesha unajua biashara inavyopumua. Na tuma mapema, kabla hujaingia mitihani.

Pwani_Moja
Na nenda mwenyewe. Ofisi ndogo hazisomi barua pepe. Panda ngazi, vaa suti, acha bahasha kwa katibu na umsalimie vizuri. Mimi nilipata hivyo Mombasa.

Njoroge_34
Suti ninayo moja na imebana mabegani.

Milimani_Asubuhi
Soko la mitumba la Toi, nenda asubuhi mapema. Nyeusi au bluu ya giza, fundi akupunguzie mikono.

Nyaboke_R
Nimempigia mzee. Amenyamaza kidogo, akasema atafikiria, atanijibu kesho. Kuna anayejua usaili wa pili huwa na mtihani wa kuandika?

Bi_Mikataba
Mara nyingi ndiyo. Hupewa mkataba wenye makosa uyatafute. Anza na nyongeza za mwisho.

Njoroge_34
Nyaboke, naomba jambo moja. Ukiamua kuiacha ile ya mjini, nitumie jina la ofisi faraghani siku hiyo hiyo. Nitapanda hizo ngazi nne asubuhi yake.