Baba wa mwanangu hakunioa, sasa anamdai mtoto: sheria yasemaje?

Mama Neema, Kisauni
Hamjambo ndugu zangu. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye nimemlea peke yangu hapa Mombasa, kwa kuwa baba yake hakunioa wala hatukuwahi kuishi nyumba moja. Katika cheti cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba pana mstari mtupu. Tangu mtoto azaliwe, ametuma fedha kwa M-Pesa mara tatu, jumla shilingi 6,500, na za mwisho zilikuwa za viatu. Mwezi uliopita alikuja na ami zake wawili, akasema kuwa mtoto ni wa ukoo wao na kwamba atampeleka Nakuru akaanze shule. Je, anaweza kumchukua? Nami nikidai matunzo, je, cheti kisicho na jina lake hakitanizuia?

Bin Salim
Dada, usiwe na hofu. Mtoto wa nje ya ndoa ni wa mama, na baba hana lake mpaka aende mahakamani. Mwambie asirudi tena.

Karani Mstaafu
Ndugu Bin Salim, hayo yalikuwa karibu na ukweli chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo ilimpa mama asiyeolewa jukumu la kwanza. Hata hivyo, ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wenye wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoifuta ile ya zamani, imefuata msimamo huohuo. Kwa hiyo, Mama Neema, ukimwambia kuwa hana haki yoyote utakuwa umekosea, lakini naye akimbeba mtoto na kuondoka atakuwa amekosea zaidi. Wazazi wasipoelewana, anayeamua mtoto akae wapi ni Mahakama ya Watoto, kwa kutazama maslahi ya mtoto, na mahakama zetu kwa kawaida huwa nzito kumtenga mtoto mdogo na mama yake pasipo sababu ya wazi. Ukoo hauna kiti katika shauri hilo.

Kuhusu cheti, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa bila ridhaa yake kinakwenda kinyume cha Katiba. Akikana, mahakama yaweza kuamuru kipimo cha DNA, ingawa sioni atakanaje, maana amekuja na ami zake kumdai mtoto mbele yako.

Mama Zawadi
Mwenzangu, mimi nilianzia kwa afisa wa watoto, tukaandikiana makubaliano ya matunzo. Baba wa mtoto wangu alilipa miezi miwili, akanyamaza, na nilipofuatilia nikaambiwa kuwa karatasi ile haikuwa imepelekwa mahakamani ikawa amri. Usirudie kosa langu. Tunza jumbe za M-Pesa, kadi ya kliniki na risiti za chekechea.

Bin Salim
Nimesahihishwa, Karani. Dada, usimwambie asirudi. Mwambie mkutane kwa afisa wa watoto.

Mama Neema, Kisauni
Ahsanteni. Kadi ya kliniki ninayo, na ujumbe wa fedha za viatu sijaufuta. Jumatatu nitakwenda kwa afisa wa watoto, nami nitauliza hapohapo namna ya kuyafikisha makubaliano mahakamani.