Kadi ya ulemavu anayo, sasa pesa ya Inua Jamii inaingia aje?

NyarAhero
Habari zenu wadau. Ndugu yangu aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya boda, hatembei, hata kugeuka kitandani ni mpaka mtu amshike, na mama ndiye anamhudumia usiku na mchana. Tulizungushwa na hospitali mpaka asesimenti ikafanywa, kadi ikatoka, tukafurahi tukijua sasa ile elfu mbili ya kila mwezi ya Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wasiojiweza, inakuja. Wapi! Nikienda kwa chifu naambiwa ngoja listi ifunguliwe, nikiuliza mjini wananirudisha kwa chifu. Hii kadi basi ni ya nini? Na ofisi yenyewe ni gani, maana nauli ya Ahero–Kisumu inatumaliza.

Mlezi_Kakamega
Pole sana dada. Kadi ni ya NCPWD, lile baraza la taifa la watu wenye ulemavu, inaonyesha tu amesajiliwa kama mtu mwenye ulemavu. Haimwingizi kwa Inua Jamii, huko anaandikishwa kivyake, na si kila mwenye kadi anafaa, wanataka ule ulemavu mkali wa mtu asiyeweza kuachwa bila mlezi, halafu nyumba iwe ya watu hawana uwezo. Kwa vile umeeleza ndugu yako anafaa kabisa. Enda kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa subkaunti, usiishie kwa chifu. Beba kitambulisho chake na cha mlezi pamoja na hiyo kadi, na uangalie majina yafanane herufi kwa herufi. Mimi mtoto wangu ana CP, yaani mtindio wa ubongo, waliandika jina langu vibaya na pesa ikakwama huko juu mpaka nikachoka kuuliza.

WaKondele
Hata ukiwa na karatasi zote, kama hakuna nafasi hakuna nafasi. Chifu hawezi kukuongezea jina bajeti ikiwa imefungwa, lakini ndiye hujua siku ya uandikishaji kabla yenu wote, so msikosane, na baraza mtu wa kwenu asikose. Mtu akiitisha ya chai ndio aweke jina, usitoe, kuandikishwa ni bure. Halafu tuseme ukweli, miaka nenda miaka rudi ni elfu mbili hiyo hiyo, inakuja ikichelewa, na nepi za mtu mzima mnajua bei yake.

FundiNakuru
Msiidharau kadi jamani. Mimi mguu mmoja ni wa bandia na nimeandikwa kazi hapa Nakuru. Inua Jamii siwezi kupata na sidai, lakini ukiwa na kadi unaomba cheti cha msamaha wa kodi KRA, wale wa kukusanya ushuru, mshahara mpaka 150,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Cheti kina mwisho wake, usingoje kiexpaya. Na kuna zile tenda za serikali, 30% ni ya vijana, akina mama na sisi. Kwa ndugu yako mimi ningeanza na kiti cha magurudumu, NCPWD wana mfuko wa vifaa, chukua fomu ofisi yao ya kaunti. Ujipange tu, kuna ofisi moja nilitumwa ya mambo yetu iko ghorofani na lifti imekufa, watu wa mikongojo tukabaki kuangaliana hapo kwa ngazi.

NyarAhero
Asanteni. Kiti sikuwa nimefikiria. Lakini kuna kitu sikusema, mama amepita 70 na tayari anapata ile pesa ya Inua Jamii ya wazee. Hiyo inaharibu?

Mlezi_Kakamega
Uuiii, ungeanza na hiyo. Vigezo vya watu wenye ulemavu mkali vinasema nyumba isiwe inapokea pesa ya mpango mwingine. Ndugu yako ana boma lake ama anahesabiwa kwa mama?

NyarAhero
Ana simba yake, kile kinyumba cha kijana, hapo kwa boma. Lakini sufuria ni moja, mama ndiye anapika.

WaKondele
Haha, hao wanahesabu sufuria, si milango.

Mlezi_Kakamega
Usijikatie kesi mwenyewe dada. Mweleze ofisa vile mnaishi, aandike yeye. Akikataa akupe sababu, halafu upeleke malalamiko kwa kamati ya wanufaika ya lokesheni yenu. Na fomu ya kiti usingojee hii ya pesa iishe, ipeleke wiki hii hii.

NyarAhero
Sawa, Jumatatu naenda na zote mbili.