Mrejesho: Mjukuu na msitu wa Kakamega

Wiki jana niliuliza kama baridi hii ya Julai inafaa kumpeleka mjukuu wa miaka minne msitu wa Kakamega. Tulienda jana. Mliosema gamboti, Mungu awabariki, njia ilikuwa tope tupu. Aliyesema tufike alfajiri, hapana! Ukungu mpaka saa tatu, mtoto akitetemeka, nikamfunga leso yangu juu ya sweta.

Halafu mbega wakaruka juu yetu, mikia yenye ncha nyeupe ikining'inia. Nikamwambia mbega hana kidole gumba. "Nyanya, sasa anashikaje chapati?" Akakunja gumba lake, akajaribu. Chapati ikaanguka topeni. Mvua ilitukuta tumeshapanda matatu. Siafu mliotutishia? Mmoja tu, na aliniuma mimi.