Kuruka na chuma mgongoni: kilo ngapi?

Swali: Wakuu, winga anayeweza kuchuchumaa na kilo 100 mara moja tu, akiruka na chuma mgongoni abebe kilo ngapi? Anatafuta kasi, si misuli mikubwa.

Jibu la 1: Aanze na chuma tupu cha kilo 20, asipite 30. Uzito ukizidi, mwendo unapungua, na mwendo ndio anaoutafuta. Seti 4, kila moja miruko 3 hadi 5, apumzike dakika 2 hadi 3 hata kama hahemi. Mruko ukianza kushuka, akate seti hapo hapo. Wengi wanakosea hapa: wanapiga miruko 15 mfululizo, wanajenga pumzi badala ya mlipuko, yaani nguvu ya ghafla.

Jibu la 2: Naongezea, mkuu: chuma kikiachana na mabega hewani, kitamgonga shingoni akitua. Akivute chini kwa mikono muda wote, kikae kwenye nyama ya mgongo wa juu. Atue kwa mbele ya nyayo, kisigino kifuate, magoti yasiingie ndani. Kishindo kikubwa maana yake miguu imekakamaa.

Jibu la 3: Afanye mara 2 kwa wiki, mwanzoni mwa mazoezi baada ya kupasha mwili. Kuchuchumaa na chuma kizito asikuache: kilo 80 hadi 85, marudio 3, mara 1 kwa wiki. Kwa kifua, arushe mpira mzito wa kilo 3 hadi 5 ukutani; mpira unauachia kwa kasi, ila chuma chepesi cha kusukuma ukiwa umelala lazima ukifunge breki mwishoni, na mwendo unapungua.