Utangulizi wa saikolojia kwa mbinu shirikishi, wanafunzi wanasema sifundishi!

mwalimu_mpya88
Wadau habari zenu. Nafundisha saikolojia mwaka wa kwanza, darasa la watu kama 140. Mwaka jana nilikuwa nasoma slaidi saa mbili mfululizo mpaka mwenyewe nasinzia, basi semista hii nikasema hapana, twende na mbinu shirikishi. Nikawagawa makundi ya wanane wanane, kila kundi na mada yake, wajadili dakika 20 halafu mmoja aje mbele awasilishe. Matokeo yake kila kundi wawili ndo wanaongea, sita wako kwenye simu, na anayewasilisha anasoma kitabu neno kwa neno. Kilichoniuma zaidi ni maoni ya katikati ya semista, mmoja kaandika "mwalimu hafundishi, anatuachia tujifundishe wenyewe" na wengine kama hivyo hivyo. Nirudi kwenye slaidi zangu au kuna mahali nakosea? Naombeni ushauri, kejeli sio sana.

Bi Chaki
Slaidi usirudi, ila makundi ya wanane yaache leo leo. Wanane ni maficho hayo mwalimu wangu. Mi natumia wawili wawili, mtu na jirani yake, hakuna kuhamisha viti, na siwapi mada, nawapa swali lenye mtego. Mfano: gari linapiga kelele mpaka ufunge mkanda, ukifunga kelele zinaisha, hiyo ni adhabu au uimarishaji hasi? Kila mtu ajibu kwanza peke yake kwa vidole, kimoja au viwili, ameviweka kifuani ili jirani asiibe. Utashangaa wengi watasema adhabu, kumbe ni uimarishaji hasi, yaani tendo linaimarika kwa sababu linaondoa kero; wakisikia "hasi" wanadhani ni kitu kibaya. Usiwaambie jibu! Waambie mshawishi jirani yako dakika mbili, halafu wajibu tena. Ndo utaratibu wa Eric Mazur wa Harvard, alianza nao miaka ya 90 kwenye fizikia, lakini saikolojia unakaa vizuri tu kwa sababu kila mtu anaingia darasani akiwa tayari na imani zake kuhusu binadamu.

La pili, sisi tuna bahati ambayo mwalimu wa kemia hana, maabara yetu iko ndani ya vichwa vya hao hao wanafunzi. Siku ya kumbukumbu usianze na maana ya kumbukumbu. Wasomee taratibu: kitanda, mto, godoro, shuka, ndoto, kukoroma, kusinzia, miayo, usiku, blanketi, kuamka, uchovu. Wape hesabu ya kuwasumbua kidogo, kisha uliza nani amesikia "kukoroma", nani amesikia "kabati", nani amesikia "usingizi". Mikono ya usingizi itakuwa mingi na hukulisoma kabisa. Mwanasaikolojia Deese alianza na orodha za namna hii 1959, wenzake Roediger na McDermott wakazifufua 1995. Tunga za kwako kwa Kiswahili, ukitafsiri za Kiingereza kuna maneno hayavutani tena.

mtu_wa_silabasi
Samahani kuharibu sherehe. Michezo mizuri, wanacheka wee, halafu mtihani unauliza tofauti ya Pavlov (yule wa mbwa kutoa mate akisikia ishara ya chakula) na Skinner (wa kujifunza kwa uimarishaji na adhabu) wanaandika hadithi ya gari na mkanda. Mi nina sura 14 wiki 14, hiyo michezo naiweka wapi?

Bi Chaki
Hapo mkuu nakubali nusu. Zoezi likiishia kwenye kicheko ni burudani tu. Ndo maana baada ya mikono kushuka nawaambia fungeni kila kitu, andikeni dakika tatu, kwa nini umesikia neno ambalo halikusomwa. Sikusanyi kila siku. Huko kukumbuka bila kuchungulia ndo kazi yenyewe, Roediger na Karpicke walilipima 2006: waliosoma matini mara mbili waliwashinda kidogo waliosoma mara moja wakajipima, lakini hiyo ni baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja ikageuka, waliojipima wakakumbuka asilimia 56 na wenzao 42. Na sura 14 mi sifundishi zote kwa uzito sawa, nyingine wanasoma wenyewe na kwizi fupi juu. Ukizimaliza zote wakasahau zote umemaliza nini?

kilaza_mstaafu
Mi sio mwalimu, nilikuwa mwanafunzi wa hayo makundi. Nilikuwa mmoja wa wale sita wenye simu 😂 Sio uvivu, ni kwamba yule anayejua ameshaanza kuongea, we utasema nini? Tukiambiwa kila mtu aandike jibu lake kwanza ndo nilikuwa naamka.

njozi_7
Hakuna aliyegusa malalamiko ya "hafundishi". Kuna utafiti wa Harvard, 2019, darasa la fizikia: waliojifunza kwa kushiriki walipata alama zaidi kwenye jaribio, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangwa vizuri. Yaani kuhangaika na swali kunaonekana kama kutojua, na mhadhara unaoteleza unaonekana kama kuelewa. Waonyeshe matokeo hayo siku ya kwanza, tena ni mada ya kozi yako hiyo. Ukiwabadilishia katikati ya safari bila maelezo na mimi ningelalamika.

mwalimu_mpya88
Nimerudi. Nimejaribu orodha ya Bi Chaki leo asubuhi, mikono ya "usingizi" sikuweza hata kuihesabu. Kuna kijana wa nyuma kabisa, hajawahi kuongea tangu semista ianze, kasimama kabisa anabisha kwamba nimelisoma na kwamba amelisikia kwa sauti yangu, baada ya "ndoto". Nikamfuata nikampa karatasi. Kaisoma mara mbili, kaigeuza na upande wa pili.

Wiki ijayo ni Pavlov, mwenye zoezi ambalo halina mbwa wala mate aniokoe tafadhali.