Naomba ushauri: kupendezesha sebule ya kupanga Kigoma kwa shilingi 120,000 bila kupiga msumari ukutani

Mpangaji wa Ghorofani

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwezi wangu wa tatu tangu nihamie Kigoma mjini kikazi, na nimepanga chumba na sebule katika ghorofa ya kwanza huko Mwanga. Sebule ina upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 4, na dirisha lake pekee linatazama magharibi, upande wa ziwa, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri jua huingia hadi kwenye kochi. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na kutoka hapo kwenda juu ni rangi ya maji ya siku nyingi, ambayo ukiigusa inakuachia unga mweupe kiganjani.

Mwenye nyumba ameniwekea masharti mawili: nisipige msumari, na nisibadilishe rangi bila ruhusa yake ya maandishi. Ndani nina kochi la watu wawili, meza ya plastiki, na ndoo za maji ambazo mgeni akiingia ndizo anazoziona kwanza. Nimetenga shilingi 120,000, na sitarajii kuongeza hata mia.

Nikiri kwamba nimekwisha kuharibu jambo moja. Nilichukua dumu la mawese la lita 20, nikalikata mdomo ili liwe chungu cha maua, nikalipaka rangi ya bluu mara mbili. Baada ya siku nne rangi ilianza kubanduka yenyewe, vipande vipana, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Isitoshe, nyuma ya kochi pana baka la unyevu lenye ukubwa wa sinia, na ndipo nilipokusudia kuning'iniza kitenge. Nianzie wapi?

Fundi Rangi wa Gungu

Ndugu Mpangaji, anza na hilo baka, kwa sababu chochote utakachokiweka juu yake kitaota ukungu kabla mvua hazijakatika. Chukua kipande cha nailoni safi, ukibandike juu ya baka kwa gundi ya utepe pande zote nne pasibaki upenyo, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na hapo huna budi kumwita mwenye nyumba. Ukikuta matone upande wa nje, unyevu ni wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua dirisha na kutokuanika nguo ndani.

Kuhusu dumu, rangi haikuwa na kosa. Mawese huacha utando ambao maji matupu hayauondoi, na plastiki yenyewe ni laini mno kushikwa na rangi. Lioshe kwa maji ya moto, sabuni na majivu, kisha lisugue kwa msasa hadi ung'avu uishe kabisa, ulifute vumbi, ndipo upake tabaka jembamba na kuliacha likauke vizuri kabla ya kurudia. Nawe toboa matundu ya maji chini, maana sikuona ukiyataja.

Mama Vitenge

Mwanangu, msumari hauhitajiki. Sisi tunabandika kitenge kwa uji wa wanga. Koroga vijiko vitatu vya unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, umimine polepole kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga, na ukishakuwa mzito na kung'aa, uchuje na kuuacha upoe. Paka ukutani kwa brashi, laza kitenge kuanzia juu, kisha upake tena juu yake ukisukuma viputo kwa kiganja kuelekea pembeni. Siku ya kuhama unalowesha kwa maji ya vuguvugu, kitambaa kinatoka kizima na ukuta unabaki kama ulivyokuwa. Ila kitenge ukiloweke kwanza katika maji ya chumvi, kisichuje.

Fundi Rangi wa Gungu

Mama, shikamoo. Uji wako naufahamu na unashika vizuri sana, lakini juu ya rangi ya mafuta. Huyu ndugu amesema sehemu ya juu inaacha unga mkononi. Hapo uji utaushika ule unga, si ukuta, na usiku mmoja kitenge chote kitamwangukia kochini pamoja na vumbi lake. Chumvi nayo haizuii vitenge hivi vya kiwandani kupauka. Kinachovipausha hasa ni jua, na dirisha lake linaelekea machweo.

Mama Vitenge

Marahaba. Kuhusu unga wa ukuta nimekubali, sikusoma vizuri. Kuhusu chumvi tutabishana siku nyingine.

Seremala Mstaafu

Kwa mtazamo wangu, mpangaji hapaswi kutengeneza kitu chochote ambacho ukuta ndio unaokishikilia. Atengeneze vitu vinavyosimama vyenyewe, ili siku akihama ahame navyo.

Ndugu, nenda kwa wauza mbao ununue mbao mbili za inchi mbili kwa mbili, kila moja ya futi 12, ukizikagua kwa jicho kutoka kichwani ili usiuziwe zilizopinda. Futi 12 ni takriban mita 3.66. Kila moja ikate kipande cha mita 1.8 na viwili vya sentimita 90, na kitakachobaki ni kama upana wa vidole vitatu, ambavyo msumeno wenyewe utakula sehemu. Sasa una miguu miwili na mapapi manne ya kulala: moja juu, moja chini, mawili katikati. Unganisha kwa gundi ya mbao na misumari, na kabla gundi haijakauka pima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kona za fremu yako zimenyooka. Vikitofautiana, isukume hadi vilingane.

Kitenge kwa kawaida kina upana wa karibu sentimita 115, kwa hiyo juu ya fremu ya sentimita 90 unabakiwa na sentimita 12 hivi kila upande za kukunja nyuma na kubana kwa vimisumari vifupi vya fundi makochi. Anza katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona. Ukianzia kwenye kona, kitambaa kitajikunja na hutakinyoosha tena. Pisi ya yadi sita inatosha fremu mbili kama hizo, na kinachobaki kinatoa foronya mbili za mito ya kochi. Fremu moja isimamishe nyuma ya kochi, ukiacha nafasi ya ngumi kati yake na ukuta ili hewa ipite, na kochi lenyewe litaizuia isianguke. Ukitengeneza ya pili, ndoo zako za maji zitapata mahali pa kujificha.

Ukishawishika kutumia mbao za mapaleti kwa sababu ni za bei rahisi, tazama muhuri wake. Zenye herufi HT zimetibiwa kwa joto. Zenye MB zimefukizwa dawa ya kuua wadudu, na hizo usiziingize ndani ya nyumba.

Binti wa Ujiji

Naongeza kitu kidogo ambacho nimekifanya mwenyewe. Nunua kioo cha duara chenye ukubwa wa sahani, pamoja na fagio moja la njiti. Lifungue, uzianike njiti juani siku mbili ili wadudu watoke, halafu uzikate kwa urefu wa aina mbili, ndefu na fupi kwa kupokezana. Zigandishe kwa gundi ya mbao juu ya duara la boksi gumu, zikitazama nje kama miali ya jua, kisha kioo kikae katikati na kufunika vichwa vya njiti. Kinachoshinda watu wengi ni haraka, kwani gundi hiyo inataka usiku mzima chini ya kitu kizito. Unaweza kukifunga kwa uzi kwenye papi la juu la fremu ya mzee Seremala.

Mvuvi wa Kibirizi

Mimi ningekupa wavu mkuukuu wa dagaa uutandaze darini, watu wa mijini wanaupenda. Lakini nitakuwa mkweli: nilimpa jirani mmoja, akaufua mara tatu, na hadi leo paka wa mtaa mzima wanalala mlangoni kwake.

Mpangaji wa Ghorofani

Nawashukuru nyote, na ninarudi na taarifa baada ya wiki tatu. Nailoni ilikuwa na matone upande wa ndani. Mwenye nyumba alipokuja na fundi bomba, ilionekana bomba la bafu la jirani lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, na limeshazibwa. Nimeambiwa niuache ukuta ukauke kabla ya kusogeza chochote karibu, kwa hiyo kochi nimelihamishia upande wa pili, ambako jua la jioni pia halikifikii kitenge moja kwa moja.

Fremu zote mbili zimekamilika. Ya kwanza ilitoka mshazari kwa sababu nilidharau suala la kupima kona, ikabidi niibomoe gundi ikiwa bado mbichi. Mbao, kitenge, gundi, vimisumari, kioo, fagio na ujira wa kukatiwa mbao vimenigharimu shilingi 63,500, na mito miwili nimeishona kwa mkono. Ndoo hazionekani tena. Dumu nimelisugua upya kwa msasa, nikalitoboa na kulipaka. Leo ni siku ya tisa, na kila nikipita nalikwaruza kwa ukucha kuona kama rangi itatoka.

Mama Vitenge, kipande kilichobaki nimekibandika kwa uji wako sehemu ya chini, kwenye rangi ya mafuta, chini ya dirisha. Bado kimeshika.